Picha za Vitanda Chini ya Ulinzi Mkali

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Baba mkwe ametangaza mbele ya karakana nzima kwamba vitanda vyetu vinaingia kwenye tovuti. Picha nisimamie mimi. Zikipendeza, duka jipya la barabarani ni langu: ufunguo, kaunta, na kile kiti cha kuzunguka. Zikiharibika, atampa Shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Fundi mzuri, sikatai. Aliposikia tangazo akapiga makofi. Kwa nini apige makofi? Mtu anayelitaka duka hilo hilo hapigi makofi bure. Kuna kitu.

Mteja wa kwanza ameshapatikana. Tunamwita Mama Hoteli. Anajenga nyumba ya wageni na anataka vitanda vya vyumba vyote. Ijumaa ataangalia tovuti. Asipopenda, anahamia karakana ya jirani yetu, na sisi hatuna kazi nyingine ya maana mwaka huu.

Nimepiga picha mchana kutwa kwa simu ya karakana. Shemeji akajitolea kunishikia shuka jeupe nyuma ya kitanda kikubwa. Sikumwomba! Baadaye akasema anataka nimrushie picha hizo. Nikajifanya sisikii, nikaenda zangu kunywa chai.

Jumanne, 4 Juni

Amekuja dada anayetujengea tovuti, namwita Dada wa tovuti, kunifundisha kutengeneza picha. Ana kompyuta iliyobandikwa vibandiko vya maua na sauti ya upole mno. Upole wa namna hiyo huwa una sababu.

Akasema kabla ya kugusa chochote nifanye nakala, picha zenyewe niziweke pembeni zisiguswe. Nakala! Hapo nikamshtukia. Mtu mwaminifu anataka picha ileile mara mbili ya nini? Moja yetu, nyingine ya jirani. Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Mimi si mtoto wa jana.

Mengine yalikuwa mepesi. Kukata kingo ili vitu visivyohusika vitoke. Kuongeza mwanga, lakini kidogo. Kupunguza ukubwa ili ukurasa usichelewe kufunguka. Halafu akanionyesha alama ndogo ya kufuli katikati ya upana na urefu, akasema hiyo inalinda umbo la picha, niiache kama ilivyo. Kufuli! Kwenye picha zangu mwenyewe! Nikamuuliza nani ameifunga. Akasema huja imefungwa. Jibu gani hilo?

Jumatano, 5 Juni

Kazi imeanza. Nimejifungia ofisini, pazia nimeshusha.

Kukata kingo ni raha isiyo na mfano. Vidole vya Shemeji vilikuwa vimechungulia juu ya shuka. Nikavikata. Kiatu chake kilikuwa kando ya kitanda. Nikakikata. Mguu mmoja wa kitanda ukaondoka pamoja na kiatu, lakini ni nani anayehesabu miguu ya kitanda?

Mwanga nao nikauongeza. Mbao ya kahawia ikawa nyeupe kama friji. Nikarudisha. Ikawa nyeusi. Nikaiacha katikati ya huzuni na furaha.

Kisha nikawaza: picha kubwa ndiyo inayoibika. Nikazipunguza zote mpaka zikawa saizi ya stempu, nikazihifadhi juu ya zilezile za mwanzo. Nikaenda kwenye simu ya karakana, nikafuta zote. Sasa mwizi na aje! Atakuta stempu.

Mke wangu akaniuliza kama nimeweka nakala. Nikamuuliza nani amemtuma. Akasema hajatumwa na mtu. Aliyetumwa husema hivyohivyo, na tusisahau yeye na Shemeji wametoka tumbo moja. Nimekula nikimwangalia.

Alhamisi, 6 Juni

Dada wa tovuti amepiga simu. Eti picha ni ndogo mno, kitanda kinaonekana kama kiberiti. Anaomba zile za mwanzo. Ha! Nilijua ataziomba! Nikamwambia kwa fahari kwamba hazipo tena duniani. Nikasikia anavuta pumzi. Akashauri nipige upya.

Nipige nini? Kitanda kikubwa kimefunguliwa vipande vipande, kiko chumba cha vanishi, hakijakauka. Na nani alikipeleka huko? Shemeji! Anasema Baba mkwe ndiye aliyemwagiza. Nimemuuliza Baba mkwe, naye akasema hivyohivyo. Wamepatana maneno.

Basi nikaikuza ile stempu. Ikakataa kujaa kwenye nafasi ya ukurasa, ambayo ni pana. Kila nikivuta upana, urefu nao unapanda. Lile kufuli! Nikalifungua. Kitanda kikajinyoosha kulia na kushoto, kikajaa ukurasa mzima. Kitanda cha kifalme! Kina ukungu kidogo, lakini ukungu unaongeza heshima, na mguu uliokatika hauonekani vizuri. Katikati nikaandika jina langu kwa herufi nyekundu, ili mwizi akiiba aibe na mimi.

Dada wa tovuti akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia aweke, aache uchunguzi.

Ijumaa, 7 Juni

USHINDI!

Mama Hoteli amepiga simu asubuhi. Amekipenda kitanda! Anasema maisha yake yote hajaona kitanda kipana namna ile, familia nzima inalala na nafasi inabaki. Kesho anakuja kukipima mwenyewe. Ameshamsimamisha fundi wake wa ukuta, asiendelee mpaka ajue upana wa kitanda.

Baba mkwe amenishika mkono mbele ya watu. Mke wangu ameniita mume wangu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane. Shemeji akaitazama picha kwenye kompyuta, akainamisha kichwa upande huu, upande ule, akauliza taratibu hicho ni kitanda gani. Kitanda alichokichonga kwa mikono yake! Wivu ukimshika mtu humpofusha.

Mchana nimepita dukani. Nimekaa kidogo kwenye kiti cha kuzunguka. Kinazunguka vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Sina hamu ya kuandika. Naandika hivyohivyo.

Mama Hoteli alikuja na futi ya kupimia, na picha yangu kwenye simu yake. Kitanda kilikuwa kimekauka, kimeunganishwa, kinang'aa. Akapima. Akapima tena. Akauliza kipande kingine kiko wapi. Baba mkwe akacheka, akidhani ni utani. Akaonyeshwa picha. Akaacha kucheka.

Mama Hoteli akasema sisi ni matapeli. Akasema kitanda cha kwenye picha kina ukubwa wa uwanja na miguu mitatu, na cha hapa kina miguu minne na ukubwa wa kitanda. Akaanza kukunja futi yake. Baba mkwe, jasho likimtoka, akaniambia nilete picha ya mwanzo, ionekane kwamba hatukukusudia kudanganya. Nikasema nimeifuta kwa usalama. Akauliza usalama wa nani.

Mafundi wote walikuwa wameacha kazi wananitazama. Niliogopa, nakiri. Mama Hoteli alikuwa ameshafika mlangoni, na kazi ya mwaka mzima inatoka naye.

Ndipo Shemeji akatoa simu yake. Picha zote! Safi, kubwa, za Jumatatu, na vidole vyake juu ya shuka! Akaeleza kwamba nilipokwenda kunywa chai alijirushia kutoka simu ya karakana, alitaka kumwonyesha mkewe kitanda alichotengeneza. Mama Hoteli akazitazama moja moja. Akazikuza, akaona viungio vya mbao, akaona mguu wa nne. Akauliza kwa nini hatukuweka hizi. Akarudi, akakaa kitandani, akajirusha mara mbili. Akasema atachukua vya vyumba vyote, ila mbia wake aone picha hizi kwenye tovuti kesho kabla ya saa kumi jioni, la sivyo mbia atakwenda kwa jirani.

Baba mkwe akatoa ufunguo wa duka mfukoni, akampa Shemeji. Mimi hakunitazama hata kidogo. Hilo limeniuma kuliko ufunguo wenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala, nimeamka, nimetafakari. Na sasa naona kila kitu wazi.

NILIKUWA SAHIHI! Wiki nzima nimesema kuna mtu anachukua picha zangu. Na alikuwepo! Amekiri mwenyewe, mbele ya mashahidi, simu mkononi! Na watu wakampa duka!

Nimemweleza mke wangu. Akasema bila kaka yake leo karakana nzima tungekuwa tunatafuna maranda ya mbao, niende nikamwombe radhi. Wamemnunua hata yeye.

Lakini kuna jambo wamelisahau. Funguo za tovuti, alizonikabidhi Baba mkwe pamoja na kazi ya picha, bado ninazo mimi. Asubuhi nimeingia, nimemtoa Shemeji aliyeongezwa jana, nimemtoa Dada wa tovuti, nimebadilisha neno la siri. Refu, gumu, lina tarakimu ndani. Sikuliandika popote, maana kilichoandikwa huibwa. Limo kichwani mwangu tu. Hakuna mahali salama zaidi.

Baba mkwe amepiga simu sasa hivi. Dada wa tovuti ameshindwa kuingia kuweka picha za Shemeji. Saa kumi inakaribia, mbia anasubiri. Anataka neno la siri. Nikamwambia mambo hayo hayasemwi kwenye simu, watu wanasikiliza. Akasema anakuja mwenyewe. Vizuri sana. Ana kwa ana ndiyo usalama.

Lilianza na K.

Anabisha hodi.

Au G.