Mapigo Yasiyopanda

4 Machi, Jumatatu

Kesho nafundisha mzunguko wa damu. Kwa simu! Wanafunzi ni watoto wa watu wa kwetu, wametawanyika miji mbalimbali kama mbegu zilizomwagika njiani. Nina saa moja tu kwa wiki. Ndiyo saa pekee ninayoitwa Mwalimu tangu tuhame. Saa nyingine zote mimi ni yule mzee wa ghorofa ya tatu.

Na saa hiyo nayo inamezewa mate. Fizikia, kama tunavyomwita kwa somo lake mwenzangu tuliyefundisha naye shule moja zamani, amewaambia wazazi kwamba sayansi inataka mwalimu mwenye pumzi. Eti mimi hutweta hata nikisoma kichwa cha somo. Jumapili wazazi wataamua nani aendelee. Kesho atasikiliza, “kujifunza tu, kaka.” Kujifunza! Lini fisi alijifunza kuchunga?

Shughuli ni rahisi. Kila mtoto aweke vidole kwenye kifundo cha mkono, ahesabu mapigo akiwa ametulia. Kisha aruke papo hapo dakika nzima, ahesabu tena. Nimeahidi kuruka nao. Kwa nini nimeahidi? Goti la kushoto linauliza swali hilohilo.

5 Machi, Jumanne

Ushindi! Kamera inaonyesha kifua na kichwa tu. Nilivaa shati jeupe na tai, nikaketi kwenye kiti cha jikoni, nikapandisha na kushusha mabega kama mtu aliyepanda punda mkaidi. Nywele zilitikisika, zile zilizobaki. Chini ya meza, suruali ya kulalia, miguu imenyooshwa kama ya sultani. Watoto waliruka kwelikweli. Kwa mmoja kulisikika sufuria ikianguka na mama akiuliza nani huyo.

Tukahesabu. Kabla, sabini na mbili. Baada, sabini na mbili. Nilitaja kwa sauti kabla akili haijafika. Fizikia akauliza, kwa upole wa paka, imekuwaje mapigo ya mwalimu hayakupanda. Nikajibu bila kupepesa kwamba moyo wenye afya haushtuki ovyo. Nikasikia kalamu zikiandika.

Jibu zuri. Nilijipongeza kwa chai.

6 Machi, Jumatano

Watoto wanatuma majibu kwa ujumbe wa sauti. Mapigo ya wote yamepanda, kama inavyopasa. Wa mwisho ni wa yule tunayemwita Swali-Moja, kwa sababu kila mara huomba kuuliza swali moja tu. Alinong’ona. Mapigo yake yalikaribia kuwa maradufu, na moyo wenye afya haushtuki ovyo. Hajamwambia mama, asimtie wasiwasi. Basi ana swali moja tu: mtu mwenye moyo kama wake huwa anaishi hadi umri gani?

Niliusikiliza mara tatu. Nikaiweka simu kifudifudi mezani.

Ningeandika neno moja: nilidanganya. Badala yake niliandika kwamba ni swali zuri, tutalijadili darasani. Swali zuri! Mtoto anaulizia kifo chake, mimi namsifu kwa udadisi.

Jioni mama yake akapiga. Binti hataki kupanda ngazi. Hataki kucheza. Anatembea kama aliyebeba yai kifuani. Kesho kutwa ataomba ruhusa kazini ampeleke hospitali. Je, Mwalimu ameona lolote darasani? Nikasema sijaona lolote.

Zamani nilichora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na ya bluu, na hakuna mtoto aliyetoka darasani akiuogopa wake.

7 Machi, Alhamisi

Nimepata njia! Somo la dharura. Nitaruka kweli, mapigo yatapanda, halafu niseme Jumanne ilikuwa mtego wa kupima nani yuko macho. Mtoto atapona, heshima itabaki.

Jioni darasa likakusanyika, Fizikia naye, nikaondoa kiti. Nikasimama, nikaruka. Mruko wa nne, jirani wa chini akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Wa saba, simu ikateleza kwenye rundo la vitabu, ikaanguka ikiangalia juu. Darasa zima likaiona suruali ya kulalia, yenye kiraka gotini. Hapo ndipo mke wangu alipopita na beseni la nguo.

“Baba, leo mbona huruki kwa kukaa kitini, kama juzi?”

Nilingoja kicheko cha Fizikia. Hakucheka. Alisema taratibu kwamba yeye pia aliruka Jumanne, na mapigo yake yalipaa kama bei za sokoni, kwa hiyo tumsikilize Mwalimu atueleze sababu. Angenicheka ningepona. Huruma yake ndiyo iliyonichoma.

Nikaeleza, nikiwa nimeinama kwenye simu. Misuli ikifanya kazi inataka oksijeni zaidi, damu ndiyo inayoibeba, kwa hiyo moyo husukuma upesi. Unaopanda ndio mzima. Wangu haukupanda kwa sababu sikuruka.

“Kwa hiyo mimi siumwi?” akauliza Swali-Moja.

“Huumwi, mwanangu.”

“Uliniogopesha, Mwalimu.”

Halikuwa swali. Ningetamani liwe swali.

Nikampigia mama yake, nikamweleza yote. Alivuta pumzi ndefu, akasema asante, nikajua haikuwa asante.

10 Machi, Jumapili

Wazazi wameamua. Saa inabaki yangu! Swali-Moja amekataa mwalimu mwingine; amesema huyu akidanganya huonekana. Nimeutafakari utetezi huo siku nzima, bado sijui niufurahie vipi. Fizikia atasaidia kwenye shughuli. Ametuma pongezi za kaka kwa kaka. Nimeona aibu, nikaapa mbele ya mke wangu kwamba sitawadanganya watoto tena. Akasema haya, akaendelea kukunja nguo.

Jumanne ijayo ni mapafu. Fizikia amependekeza walimu wote wawili wabane pumzi mbele ya darasa, waone nani atadumu. Kifua chake kama pipa!

Nimejaribu mbele ya kioo. Nikipitisha hewa kidogokidogo kwa pembe ya mdomo, kifua hakitikisiki hata kidogo. Hakuna atakayejua.