Karoti ya Daktari

Shemeji yake alipolalamika kwamba farasi wake wa kukokota mkokoteni wa maji amechoka, Mdomo Asali hakuona farasi mchovu. Aliona hospitali.

"Nipe nimpeleke akapumzike, shemeji. Siku chache tu."

"Na mimi nitakula nini? Huyu ndiye jembe langu."

"Utakula matunda ya subira."

Shemeji akatoa kamba shingo upande. Aliyeomba alikuwa kaka wa mkewe, na kumnyima huyo ni kununua kesi ndani ya nyumba.

Haukupita muda, nyuma ya kiwanda kilichofungwa pakasimama ubao: TIBA YA NAFSI KWA FARASI. Mdomo Asali alivaa koti jeupe aliloazima kwa muuza nyama, doa la damu akalificha kwa kalamu. Wakaja watu wa maofisini, wenye vitanda vya bei mbaya na usingizi hawana.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," aliwaambia kwa sauti ya msibani. "Funga macho, mweleze farasi yanayokusibu. Akikuinamia, umepona. Akikupa mgongo, moyo bado una kiza, urudi kesho."

Farasi, maskini, hakujua nafsi wala kiza. Alijua karoti iliyokuwa mfukoni mwa daktari, na kila ilipokwenda naye aligeukia huko. Wenye pesa nyingi walipewa mgongo sana. Meneja wa benki alipewa mgongo mpaka akaanza kuamkia mkia.

Siku moja akaja mama mtu mzima, kajitanda khanga, mpole. Farasi akamwendea mbio na kumlazia kichwa begani. Daktari alikuwa mbali kabisa na karoti yake. Mtu mwingine angejiuliza, lakini tamaa haina masikio.

"Mama, una kipaji! Uwe msaidizi wangu."

"Nitakuwa, mwanangu. Ila wewe unayebeba ya watu, yako anabeba nani? Hebu keti. Funga macho."

Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi, nje ya ukuta wa mabati. Mdomo Asali akaona hilo ni tangazo la bure, akafumba macho na kupaza sauti. Alianza kwa maigizo. Halafu farasi akampumulia shingoni pumzi ya moto, na kitu kikamkatika kifuani.

"Harusi ya dada yangu sikwenda," akasema. "Mchango wa watu niliula, nikajificha. Mpaka leo wakwe zake siwajui kwa sura. Hata farasi huyu ni wa mumewe, nimemwibia riziki. Wao wanalala njaa, mimi nauza karoti!"

Akalia kilio cha kweli, kamasi mpaka kidevuni. Alipofumbua macho, lango lilikuwa wazi. Mama alikuwa akitoka, na farasi nyuma yake bila kamba. Wagonjwa wote walikuwa wamesimama wakimkodolea macho.

"Mimi ni mamaye shemeji yako," mama akasema bila kugeuka. "Farasi huyu nimemlea tangu ananyonya. Na harusini tulikungoja mpaka chakula kikapoa."

Mdomo Asali akajikunyata kungoja kipigo. Meneja wa benki ndiye aliyepiga, lakini alipiga makofi.

"Mmesikia? Kama farasi amemtoa ukweli tapeli huyu, sisi atatushindwa? Mama, tupo nyuma yako!"

Wakamfuata wote. Wajinga ndio waliwao, na wengine wakishaliwa huomba waongezewe.

Tangu hapo farasi hupeleka maji asubuhi, na jioni hupokea wagonjwa uani kwa shemeji. Sufuria la dada limerudi jikoni, na kifuniko kinacheza.

Jioni moja Mdomo Asali akaonekana mwisho wa foleni, bila koti. Usiku wa kilio kile alilala kama mtoto, na tangu hapo usingizi umemkimbia.

"Toa karoti kwanza," mama akasema.

"Karoti gani tena, mama?"

Mama akanyoosha mkono tu. Mdomo Asali akaitoa. Farasi akaila yote, taratibu, akageuka na kumpa mgongo.

"Moyo bado una kiza, mwanangu," mama akasema. "Urudi kesho."