Samaki Aliyemeza Rufaa

Jumatatu, 6 Februari

Natangaza rasmi, mbele ya shajara hii na mbwa wangu, kwamba leo asubuhi sanduku langu la barua limefariki dunia. Lilikuwa na umbo la samaki, mdomo wazi. Limevunjwa kiuno na gari la kusukuma theluji.

Haya, ni koleo la theluji. Langu. Lakini hapa Erie kila majira ya baridi magari ya theluji huangusha masanduku ya nusu mtaa. Nani atauliza? Nitasema liliangushwa Januari.

Kiwanda cha vifuniko vya ndoo kilinifukuza eti nimelala nyuma ya maboksi. (Nilikuwa nawaza. Macho nimeyafumba.) Ofisi ikaninyima mafao ya wasio na kazi. Barua yao ikasema mwisho wa kukata rufaa ni tarehe 25 Januari. Niliipata vizuri kabisa. Ila wiki zile samaki walikuwa wanakula chambo kwenye matundu tunayotoboa katika barafu ya ziwa, na samaki hawangoji mtu. Rufaa nimepeleka tarehe 31. Sasa sina budi kuapa kwamba barua haikunifikia.

Nikishindwa, nitafanya kazi kwa shemeji Kaz, kaka yake mke wangu Bernadette. Ana gari la kunyonya vyoo. Ameshanitarizia jina kwenye ovaroli!

Jumanne, 7 Februari

Darlene, mpeleka barua, kapita. Kamtazama samaki, kanitazama mimi. Akauliza, hivi Norbert, magari ya theluji siku hizi yanatembea na koleo? Mchokozi! Akatumbukiza barua kwenye buti langu barazani, eti ndilo sanduku jipya.

Nimeandika posta malalamiko dhidi yake. Ni ya kumi na mbili tangu kiangazi. Nikiwa nalamba stempu, wazo likanipiga. Malalamiko!

Jumatano, 8 Februari

Huwa naweka nakala ya kila lalamiko. Zote nimempelekea mwamuzi wa rufaa, ajionee jinsi Darlene anavyotupa barua za watu hovyo. Bernadette akashauri nizisome kwanza. Nikamjibu kwamba mwandishi hahitaji kusoma alichoandika mwenyewe. Haya bwana mwandishi, akasema, kisha akaja na futi kunipima urefu wa mguu.

Alhamisi, 16 Februari

Kesi imesikilizwa kwa simu. Nilivaa tai hata hivyo.

Karani wa ofisi akatoa kumbukumbu: barua ilitumwa tarehe 4 Januari, anwani sahihi, haikurudishwa. Mwamuzi, Bi. Whitcomb, ana sauti ya mwalimu wa hesabu. Akaeleza kwamba kutumwa kwa barua kukishathibitishwa, kusema tu "sikuipata" hakutoshi. Nikamwambia nina ushahidi. Samaki! Malalamiko!

Akasema ameyasoma, tena kwa raha. Akaomba anisomee moja, la tarehe 7 Januari:

"Leo Darlene ametupa barua zangu kwenye theluji, ikiwemo barua muhimu ya ofisi ya mafao, ambayo imenilazimu kuikausha juu ya tosta. Mkate umenuka wino."

Nikalegeza tai.

Akauliza kama saini ni yangu. Nikasema inafanana. Akauliza tena. Nikasema mkate kweli ulinuka.

Jikoni Bernadette alicheka mpaka mbwa akabweka.

Jumatatu, 27 Februari

Uamuzi umefika. Nimeshindwa. Naruhusiwa kwenda bodi ya juu, ila nisipitishe tarehe 10 Machi. Nitakwenda, tena kwa kishindo! Nitasema uamuzi haukunifikia.

Lakini jambo la kwanza kwanza. Bahasha imekuja na pembe iliyokunjwa! Sikuvumilia. Nimeandika lalamiko la kumi na tatu, kwamba leo, tarehe 27 Februari, nimeletewa uamuzi wa mwamuzi ukiwa umekunjwa. Tarehe nimeipigia mstari kwa wino mwekundu. Nikamkabidhi Darlene mwenyewe aufikishe ujumbe posta. Akauliza kwa upole kama nimebaki na nakala.

Nimebaki nayo. Mimi si mjinga.

Rufaa nitaiandika barafu ikiyeyuka, mwishoni mwa Machi. Mwenye mkakati hana haraka.

Kesho saa kumi na moja alfajiri Kaz ananipitia. Ovaroli limenitosha.