Jaketi Lina Mbele na Nyuma

Jumatatu, 14 Julai

Daftari jipya. Maisha mapya. Baridi ile ile.

Leo nimeipata! Fikra ya kunitoa kimaisha. Imenijia nikipiga mswaki. Nikatoka mbio na povu mdomoni nimwambie mtu, nikakuta hakuna mtu ila Kyengo, fundi wa kibanda cha jirani hapa Ruiru, yeye anayeshona viti vya pikipiki. Nikameza povu, nikarudi ndani. Fikra kama hii haionyeshwi mshindani.

Fikra yenyewe: majaketi ya ngozi ya kuendeshea pikipiki, mtindo wa kizamani. Kama lile la marehemu guka, babu yangu mzaa mama, kwenye picha ya mwaka wa 1967. Guka amesimama kando ya pikipiki yake. Kola pana. Zipu imekata kifua mshazari. Mshipi kiunoni. Uso wa mtu ambaye hajawahi kuambiwa ngoja. Kila mtu wa bodaboda hapa Ruiru anatamani kuwa guka wangu. Hajui tu. Kazi yangu ni kumjulisha.

Saa nne akaja Tata Wakonyo, dada yake mama, mwenye kibanda hiki. Akasema kibanda kimeona mikoba yangu, kikaona mikanda yangu, kikaona na vile vifuko vya simu vilivyonuka beberu, na kwamba kuku wake wa Murera wana akili ya biashara kunizidi. Amenipa mpaka Jumapili baada ya kanisa. Nisipopata oda ya maana, kibanda kinageuka duka la chakula cha kuku na mimi ndiye muuzaji. Mimi! Mbunifu! Nipime pumba!

Nilimwambia Jumapili ni mbali sana, hata Ijumaa ingetosha. Sijui ni nini hunishika nikiongea na Tata.

Jumanne, 15 Julai

Thika asubuhi. Nimechagua ngozi mwenyewe: ya ng'ombe, nene kuliko zote. Ndanu, anayeuza ngozi, aliuliza kama mtu ataweza kukunja mkono ndani ya kitu kama hicho. Nikamjibu kwamba mtu wa heshima hakunji mkono ovyo. Akafunga mzigo. Wateja wengine walinitazama sana. Wivu, nadhani.

Nimekata na kushona mchana kutwa. Mgongoni nimeweka nembo kubwa: nanasi lenye mabawa. Nanasi kwa ajili ya mashamba ya Thika, mabawa kwa ajili ya mwendo. Sindano tatu zimevunjika. Nne. Lakini nembo imetoka vizuri ajabu! Nikamtumia Tata picha kwa simu. Akajibu kwamba hatimaye nimeshona kitu cha maana, huyo kuku ni mzuri.

Kyengo naye akachungulia, akauliza kama ni bundi. Akasema hajui ni nani atakubali kubeba bundi mgongoni. Alisema kwa upole kabisa. Watu wapole ndio wa kuogopwa.

Jumatano, 16 Julai

Jaketi limekwisha. Tatizo: ni jipya mno. Kitu cha kizamani haking'ai kama kiatu cha mtoto siku ya kufungua shule.

Nikalisugua kwa msasa. Nikalipaka maji ya majani ya chai. Bado liling'aa. Basi nikaenda nalo Murera, kwenye ile barabara ya malori ya mawe karibu na kwa Tata. Nikalilaza katikati ya barabara, mikono imetandazwa, nikajificha kwenye mahindi nikisubiri lori.

Lori likaja. Likapita juu yake. Safi kabisa!

Kabla sijatoka, mama mmoja akaliona akapiga nduru. Watu wakatoka kila ploti. Mwenye jaketi yuko wapi? Ametupwa upande gani? Dakika tano hazijaisha, watu kama thelathini walikuwa wameingia kwenye mahindi kumtafuta marehemu. Mzee mmoja akavua kofia, akaanza maombi. Ningesema nini? Nikatafuta pia. Nilitafuta kwa bidii kuliko wote, nikiita ndugu, ndugu, uko wapi.

Walipochoka nikajitolea kulipeleka jaketi kwa wenyewe. Yule mama alinishika mkono akasema Mungu anibariki, vijana kama mimi ni wachache. Hapo niliona haya kweli. Lakini alama ya tairi imekaa begani pale pale nilipoitaka.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya majaribio. Nilikuwa nimelenga mtu mmoja tu: Muriithi, mwenyekiti wa steji ya bodaboda iliyo mbele ya kibanda. Steji ina pikipiki kumi na mbili, na anachofanya Muriithi wote hufanya. Aliponyoa ndevu, steji nzima ilinyoa. Akivaa yeye, wale kumi na mmoja ni wangu na Tata atatafuta pengine pa kuweka pumba zake.

Nikampa alivae siku tatu, bure. Akalivaa. Akajipiga kifua. Akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, kushoto, kulia. Vijana wakapiga honi, wakasema bosi hiyo ni moto, hiyo ni noma. Nikaanza kuhesabu oda kwa vidole.

Kisha akafika mteja wake wa kila asubuhi, Mwalimu Beth. Muriithi akavua jaketi. Nikadhani anataka kulitunza lisishike vumbi. Akaligeuza! Akaingiza mikono kinyume, mgongo wa jaketi ukawa kifuani, zipu ikawa nyuma. Na Mwalimu Beth, bila hata kuambiwa, akamfunga zipu kama anayemfunga mtoto wa nasari, akapanda, wakaondoka. Nanasi langu likaenda likitazama mbele.

Nikawakimbiza hadi kwenye matuta. Nikirudi huku nahema, nikaitazama steji vizuri. Wote! Makoti ya mitumba, masweta, makoti ya mvua, yote yamevaliwa kinyume. Miaka kumi nimekaa hapa na sijawahi kuona. Wakanieleza kwa huruma, kama mtu aliyeshuka Ruiru jana, kwamba baridi ya Julai hupenya kwenye zipu, ikakaa kifuani, ikawa nimonia. Nyuma kuna abiria, na abiria ni blanketi tosha. Kila mtu anajua hilo. Kyengo alijua. Alikuwa akicheka na sindano mdomoni.

Ijumaa, 18 Julai

Elimu kwa umma. Nimechora bango nikalibandika kwenye mti wa steji: mtu amevaa jaketi, mshale mmoja umeandikwa MBELE, mwingine NYUMA. Wakauliza huyo mtu anatazama wapi. Ubishi wa saa nzima. Mmoja wao akasema kwenye pikipiki mbele ni pale upepo unapotoka, basi, hakuna mbele nyingine.

Mchana nikahamia mpango wa siri. Nikamwambia Muriithi jaketi lina sevisi ya bure. Akaniachia. Nikashona vifungo sita vikubwa vya shaba mgongoni, safu mbili, vitatu vitatu, vizito hasa. Akilivaa kinyume tena na kuinamia usukani, vitamfinya kifua mpaka ajue mbele ni wapi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimefurahi sana, nimekula chakula cha mchana mara mbili.

Jumamosi, 19 Julai

Haiya! Janga.

Muriithi amependa vifungo. Anasema sasa jaketi limekamilika, vifungo mbele, zipu nyuma, anaonekana kama afande wa bendi. Vijana wanampigia saluti. Nikamuuliza, kwa ujanja, kama havimfinyi. Akagonga kifua, akasema ngozi ni nene hahisi kitu, hata upepo hausikii, tangu aanze kazi hii hajawahi kupata joto hivi.

Tena vifungo viwili vya juu vimeangukia katikati ya nanasi. Sasa lina macho. Hakuna anayesema kuku wala nanasi tena. Ni bundi, na steji imeamua kwamba bundi akikaa mbele hufukuza mabaya yaliyo mbele. Akikaa nyuma ndipo ana mkosi.

Nikampigia Tata simu anipe pole. Nikamwambia guka angeona aibu. Tata alicheka mpaka nikasikia kuku wakitawanyika huko Murera. Eti akiwa msichana alikaa sana nyuma ya pikipiki ile, na kazi yake ilikuwa kumfunga guka zipu mgongoni. Eti guka aligeuza jaketi siku ile ya picha tu, kwa sababu mpiga picha alishikilia.

Tata amezeeka. Watu wazima huchanganya mambo.

Jumapili, 20 Julai

Andika yote, Gathogo. Andika bila kujificha.

Tata alitoka kanisani moja kwa moja, kofia kichwani, nyuma yake mkokoteni umejaa magunia. Gunia la kwanza likashushwa mlangoni. Moyo wangu ukashuka nalo.

Ndipo zikaja. Pikipiki kumi na mbili kwa mstari mmoja, Muriithi mbele na bundi wake. Akasema steji imekaa kikao jana na kura zote zimekubali. Wanataka majaketi kumi na moja kama hilo hilo. Vifungo mbele, zipu nyuma, bundi kifuani, hata alama ya tairi ikiwezekana wapate. Wameshachanga. Tata akamwambia mwenye mkokoteni asimame kwanza. Akanitazama akatabasamu. Tangu nimalize shule sijaona meno ya Tata kwa sababu ya kitu nilichofanya mimi.

Neno moja tu lilihitajika. Sawa.

Nikasema sawa, lakini kwa sharti. Kila mmoja ainue mkono aahidi kwamba atalivaa mbele ikiwa mbele.

Kyengo akatoka kibandani kwake, akanisogelea, akaninong'oneza, "Gathogo, nyamaza. Shona tu." Tata akanifinya kiwiko. Muriithi, kwa vile ni mtu mzuri, akasema haina noma bosi, tutavaa hivyo unavyotaka. Lakini alisema akitazama chini, na wale wengine waliinua mikono huku wakicheka. Ningeweza kuliacha hapo. Mtu yeyote mwingine angeliacha hapo.

Nikamwambia aonyeshe. Sasa hivi. Alivae inavyotakiwa, aendeshe mpaka kwenye matuta na kurudi.

Akalivaa. Akaenda. Akarudi akikohoa, machozi ya upepo yakimtoka. Akalivua, akalikunja taratibu, akaniwekea mikononi. Akasema kwa heshima kabisa, "Bosi, wewe unashona ya kupigwa picha. Sisi tunatafuta ya kazi." Kisha wote kumi na wawili wakavuka hatua nne hadi kwa Kyengo.

Kyengo hakuwapokea mara moja. Alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa. Nikageuza uso.

Nilitaka kulia. Sawa, nililia, nyuma ya lile gunia. Tata hakunikemea, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alimpungia tu mwenye mkokoteni mkono ashushe yaliyobaki.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeuza chakula cha kuku tangu saa moja asubuhi. Mama mmoja wa Mwiki amenisifu kwamba nina mkono mzuri wa kupima. Sijawahi kutukanwa hivyo.

Saa tatu akaja Kyengo. Majaketi kumi na mawili ni mengi, na baridi haimsubiri mtu. Anahitaji fundi wa kola na nembo. Amekiri kwamba Ruiru nzima hakuna anayeweza kushona bundi kama mimi. Akasema tushone pamoja, tugawane nusu kwa nusu, na Tata akijua huenda akarudisha upande mmoja wa kibanda. Nikamjibu kwamba lile ni nanasi. Nikaongeza kwamba mimi sifanyi kazi chini ya mtu wa viti. Akanunua kilo mbili za chakula cha kuku, akashukuru, akaenda zake.

Kyengo hana kuku.

Nimekaa juu ya gunia nikilitafakari hilo, kisha nikaliacha, kwa sababu kuna mambo makubwa zaidi. Nimepima wiki nzima kwa haki, bila kujipendelea, na kosa halikuwa langu. Kosa ni la jaketi. Jaketi lina mbele na nyuma, na ukimwachia mteja achague, atachagua vibaya. Mbunifu wa kweli hampi mteja nafasi hiyo.

Na leo, nikimpimia mtu pumba, imenijia. Buti! Buti za ngozi za kuendeshea pikipiki, mtindo wa kizamani, nene, mpaka magotini. Ngozi imebaki ya kutosha. Kesho asubuhi naenda Thika kutafuta soli. Wacha nione ni bodaboda gani wa Ruiru atakayevaa kiatu kinyume.