Pindo la Kofia ya Mzee Haji

Jumanne, 1 Julai 1952

Posa imepelekwa. Namtaka Zaina, binti wa Mzee Haji, imamu wa msikiti wetu hapa Bagamoyo. Jibu bado. Mzee anasema anatafakari. Anatafakari nini? Kuna mtu kamtia maneno. Namshuku Kitwana, fundi wa kofia za viua. Siku hizi ananisalimia kwa furaha mno.

Dawa ninayo. Kipupwe kimeingia, mzee analalamika masikio kila alfajiri. Nitamfumia kofia ya sufu! Ufundi niliupata hospitali ya jeshi wakati wa vita, mguu umefungwa, sina pa kwenda. Mjini hapa hakuna mwingine anayeujua. Nimefunga mlango nisiibiwe mtindo.

Alhamisi, 3 Julai

Kofia inakwenda. Tundu moja mbele, moja nyuma, mstari unaofuata nageuza, vinatoka vinundu kama punje za mtama. Vizuri hasa! Dada yangu Mwaija kachungulia kwenye ufa wa mlango. (Nimeuziba.) Kasema kofia ndefu mno, itamwangukia mzee usoni, bora nilikunje pindo kwa juu litulie.

Nikunje? Nifiche vinundu vyangu? Nikamwuliza nani kamtuma. Kaondoka anacheka. Jioni tukala nguru, tena mnono. Kamtoa wapi? Kasema nile ninyamaze.

Ijumaa, 4 Julai

Baada ya swala Kitwana kanishika mkono. Kasikia nafuma kofia. Kasikia wapi? Akanipa wasia wa fundi kwa fundi: sufu huvutika, nikunje pindo. Neno lile lile la Mwaija! Haya, nguru nimeshajua alikotoka.

Jumamosi, 5 Julai

Makubwa! Zaina mwenyewe kamwambia Mwaija kisimani anifikishie: tafadhali sana nikunje pindo, kichwa cha baba yake kidogo. Hata Zaina wamemwingiza! Watu watatu, neno moja. Kama hii si njama, njama ni nini? Wanataka nusu ya kazi yangu isionekane, mzee asivutiwe, posa ife.

Thubutu! Nimelirefusha pindo zaidi. Alasiri nikampelekea mzee. Nikampa shikamoo yake, nikamvisha, nikamwomba aniahidi hataikunja kamwe, eti sufu ikikunjwa hufa. Kaahidi. Yule ni mtu wa ahadi.

Jumapili, 6 Julai

Balaa! Alfajiri mzee kaswalisha na kofia yangu. Kila akiinama inashuka mpaka kwenye nyusi. Alipotoa salamu akajipapasa paji la uso, akakuta sufu. Paji halikugusa mkeka hata mara moja. Swala haikusihi! Msikiti mzima ukarudia, na baridi ile, wavuvi wananung'unika kwamba wanachelewa.

Mimi sikuona kitu. Nilikuwa namchungulia Kitwana kwa pembe ya jicho.

Wakamwuliza mzee kwa nini hakuikunja. Akasema alimwahidi mtu. Wote wakanigeukia. Aibu iliyonipata, haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze. Kitwana peke yake hakunicheka. Mwoneni alivyo mjanja.

Jumatatu, 7 Julai

Mwaija kaja mbio na habari. Kitwana hana haja na Zaina, anaoa huko kijijini Kerege, mahari kashatoa. Nguru kamnunua yeye Mwaija kwa kuuza mikeka yake. Na Zaina ananitaka tangu mwanzo, ndiyo maana kahangaika na lile pindo. Mzee nimemwondolea ahadi, bila ya kujua: Mwaija kamwambia kwa niaba yangu aikunje. Kaikunja, imemkaa sawasawa, haivui.

Jibu la posa ni ndiyo. Nitakiwalo ni moja tu, nifike leo alasiri niwaombe radhi wazee wa msikiti. Zaina kasema nisipofika atajua simtaki, na hatangoja.

Nikakaa kitandani nikawaza. Nimemharibia imamu swala, halafu anipe binti? Kwa radhi tu? Na Mwaija machozi ya nini?

Nimefunga mlango kwa komeo. Mwaija anagonga, anabembeleza, anataja jina la marehemu mama yetu. Sifungui. Alasiri imeadhiniwa, sasa magharibi nayo. Kaacha kugonga.

Nimewashinda!