Profesa wa Matone ya Macho

Jumatatu ndiyo siku ya wenye virusi vya Ukimwi kuchukua dawa zao za mwezi, na benchi la nje ya kliniki hujaa tangu asubuhi. Hapo ndipo Profesa alipoona riziki. Profesa wa nini, usiniulize. Darasani alifika, ila hakukaa. Aliona watu kadhaa wenye macho mekundu wakijikinga na mwanga, akasikia pia kuwa daktari wa macho huja mara moja tu kwa mwezi. Kesho yake akachemsha maji, akatia chumvi, akajaza vichupa ishirini, na Jumatatu iliyofuata akarudi navyo benchini.

"Ndugu zangu," akanong'ona, "mimi mwenyewe nina virusi mwaka wa kumi na mbili huu. Jicho lilinivimba kwa ndani, naona ukungu tu. Matone haya, siku tatu, ukungu kwisha!"

Uongo mtupu. Mtu huyu hajapima chochote tangu azaliwe.

Mmoja wa walionunua alikuwa fundi cherehani, mama aliyekuja na kitambaa jichoni. Akatia matone, akaacha kumwona daktari, na jicho likazidi kufifia mpaka uzi na sindano vikawa havionani. Aliporudi kliniki, daktari hakumficha: angechelewa wiki mbili zaidi, jicho lingekwenda. Fundi alilia kwa hasira. Jicho lilitulia kwa dawa za kweli, hasira ikagoma.

Mwezi uliofuata, kitambaa hakipo, Profesa hakumtambua. Fundi ndiye aliyemsogelea kwenye benchi.

"Pole na macho, kaka. Umeshajiandikisha pikipiki?"

"Pikipiki gani, dada?"

"Hee! Hujasikia? Kuna mradi. Mwenye virusi aliyeumwa macho anapewa pikipiki. Mwisho ni leo. Daktari anakupima, unajaza fomu, basi."

Profesa akameza mate. Mbio hadi kwa muuza mboga getini, akaomba kipande cha kitunguu, akajipaka macho yote mawili. Jamani, tamaa! Aliingia kwa daktari machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola.

"Mwanga unakuumiza?"

"Unachoma, daktari! Mama yangu weee!"

"Basi nakutia dawa ya kupanua mboni, nione ndani."

Nusu saa baadaye daktari akachungulia kwa kijitaa chake, akashusha pumzi. "Bwana, ndani ya jicho hakuna kitu. Nje kuna kitunguu. Kwa saa kadhaa hutaweza kusoma na jua litakusumbua. Tafuta mtu akushike mkono."

Mtu alikuwepo. Fundi alimsubiri mlangoni na karatasi mkononi. Benchi zima lilikuwa limeiandika, kila aliyetapeliwa na sentensi yake, na mwalimu mstaafu akasahihisha nukta.

"Amesemaje, kaka?"

"Amethibitisha!" Profesa akajibu. Uongo kwake ni kama kupumua. "Nisaini wapi? Sioni kitu."

"Hapa. Ngoja nikusomee: mimi mwenye saini hapa chini, naomba pikipiki..."

"Ongeza nyekundu."

"Imeandikwa, nyekundu."

Akasaini kwa mbwembwe, mkia wa saini ukafika ukingoni. Wakatoka. Jua lilimpiga, akafumba macho, akamng'ang'ania fundi mkono, mkoba wa vichupa begani. Njia nzima alikuwa akimwahidi kumpakia bure kila Jumapili. Fundi aliitikia, "Asante, kaka."

"Tumefika ofisini. Panda ngazi mbili. Mkabidhi huyo bwana wa kaunta fomu, umpe na mkoba aone matone unayotumia."

Profesa akapanda, akanyoosha karatasi, kifua mbele. Bwana wa kaunta, ambaye alikuwa amevaa sare, akasoma kwa sauti, taratibu:

"'Nakiri kwamba nimewauzia wagonjwa wa macho maji ya chumvi, nikijua si dawa. Sina virusi, nijuavyo mimi. Ushahidi nimekuja nao begani.'" Akainua kichwa. "Umejileta mwenyewe?"

"Nimeletwa na dada," Profesa akasema, akipapasa hewani. "Hii si ofisi ya mradi?"

"Hiki ni kituo cha polisi."

"Dada! Dada, uko wapi? Waambie!"

"Nipo hapa nyuma yako," fundi akasema. "Kaa ndani, kaka. Kesho macho yakifunguka, watakupa uisome mwenyewe. Mimi nilikaribia kutosoma tena."