Kolajeni Inajisuka, Nami Nachungulia

Jumatatu, 4 Machi
Vita vimeanza! Profesa ametangaza: nafasi ya msaidizi wa utafiti ni moja, nasi tuko wawili. Mimi na Mtulivu. (Jina nimempa mimi. Haongei, anatabasamu tu. Mtu wa kuogopwa.) Atakayeleta mchoro safi wa nyuzi za kolajeni zikijiunga, kufikia Ijumaa, ndiye. Nyumbani nimeshamwambia dada kwamba nafasi ni yangu. Shemeji akauliza kolajeni ndiyo nini. Nikamweleza: ndiyo protini inayoishikilia ngozi yako isianguke. Akajishika shavu.

Ajabu yake ni hii. Kwenye baridi na tindikali, kolajeni ni majimaji tu. Iondolee ukali wa tindikali, ipashe joto la mwili, inajisuka nyuzi. Yenyewe! Bila fundi wala msimamizi. Sisi nyumbani hatujawahi kukubaliana hata nani aoshe vyombo. Nani anaziambia zikutane?

Jumanne, 5 Machi
Mpango: kuitanguliza kolajeni yangu safarini. Nimeondoa ukali wa tindikali, nimekitia kichupa chake kwapani nikisubiri zamu ya mashine inayochora. Joto la mwili ni joto la mwili! Mtulivu akakawia kutoka, makusudi, nina hakika. Zamu yangu ilipofika, kichupa kimeganda, cheupe, hakimiminiki. Imejisuka yote bila shahidi. Haraka haraka haina baraka, ila mwenye haraka alikuwa kwapa, si mimi.

Jumatano, 6 Machi
Mpango mpya. Nimemwambia Mtulivu anaitwa na Profesa. Katoka mbio. Mashine yangu!

Mashine hii hupiga mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Protini hunywa sehemu yake, na palipopungua huchorwa kilele. Kilele kikisogea, nyuzi zinajiunga. Nimeweka tone, nimefunga kifuniko. Kilele kimoja, kipole. Nikashindwa kuvumilia. Nikainua kifuniko, nikainama nichungulie. Lo! Msitu wa vilele, vyembamba kama meno ya kitana! Nikafunga, vikafifia. Nikachungulia, vikarudi. Vinyweleo vimenisimama. Kolajeni inajua inapotazamwa!

Mtulivu akarudi pamoja na Profesa, aliyetaka kujua nani kamwita nani. Nikasema ni utani wa kazini. Sikuona aliyecheka.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechungulia tena. Vilele vimenipokea kwa heshima zote. Nimewasimulia nyumbani. Dada kafurahi kwa ajili yangu. Shemeji akauliza kama nilikuwa nimekula vitunguu. Wivu.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu. Nimempa Profesa mchoro wangu wa vilele, akaniambia nirudie, ila bila tone, mashine tupu. Nikainua, nikainama. Vilele vilevile! Akaniambia nisimame mlangoni. Vikatoweka. Akaeleza taratibu: pumzi ina mvuke, na mvuke hunywa mwanga palepale inapounywa protini. Ndiyo maana kifuniko hufungwa na ndani hupulizwa hewa kavu. Ugunduzi wangu ulikuwa mdomo wangu.

Mchoro wa Mtulivu: kilele kimoja, kinasogea polepole, kisafi kabisa. Nafasi kapewa yeye. Nilimuuliza kama hakutamani kufungua aone. Akasema alikuwa akiona, kwenye mchoro. Jibu hilo limeniuma kuliko kushindwa kwenyewe, maana ni kweli mchoro ulikuwa mzuri. Nimeutazama mpaka akaomba arudishiwe.

 Dada kanipakulia chakula kingi kupita kawaida, ndipo nikajua ananihurumia.

Jumamosi, 9 Machi
Profesa ana huruma. Nimepewa kazi ya kuosha vyombo vya maabara, na Jumatatu jaribio moja la mwisho. Akipendezwa, ataniombea nafasi ya pili. Sharti: kifuniko kifungwe.

Nimetafakari sana. Mtu hujifunza kwa makosa. Kosa langu halikuwa kuchungulia. Lilikuwa kupumua! Jumatatu nitainua kifuniko nimebana pumzi. Leo nimefanya mazoezi mezani. Dada kanigonga mgongoni akidhani nimepaliwa, akipiga kelele niseme kitu. Sikumjibu. Nilikuwa naendelea vizuri.